Iceland haina jeshi. Marekani na Ulaya zikivutana, itasimama upande gani?

Januari 2026, kwenye mkutano wa uchumi wa Davos nchini Uswisi, Rais Donald Trump wa Marekani alisimama kuzungumzia nia yake ya kuichukua Greenland. Katikati ya hotuba, mara kadhaa, likatoka jina jingine kabisa: Iceland.

Mitandaoni watu walicheka. Majina yanafanana, na kwenye ramani visiwa hivyo viwili ni majirani. Lakini kwa Iceland yenyewe kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Ni nchi ya watu wasiofika laki nne. Haina jeshi la nchi kavu, haina ndege za kivita, haina manowari. Aliyeahidi kuilinda kwa mkataba wa maandishi, tangu 1951, ni Marekani hiyohiyo.

Siku chache kabla ya hotuba hiyo, Trump alikuwa ametishia kuziongezea ushuru nchi nane za Ulaya kwa sababu ya Greenland; baada ya hotuba akarudi nyuma. Nne kati ya hizo ni ndugu wa Iceland wa eneo la Nordiki: Denmark, Norway, Sweden na Finland. Katika nchi huru tano za Nordiki, ni Iceland pekee iliyoachwa nje ya orodha.

Je, hiyo ni bahati, au ni onyo kwamba zamu yake bado?

Kwa zaidi ya miaka 70 Iceland imeishi kwa mpango ambao ni rahisi kuueleza: ulinzi inaupata Marekani, soko inalipata Ulaya, na samaki inabaki nao yenyewe. Mpango huo ulifanya kazi kwa sababu Marekani na Ulaya zilikuwa zikielewana. Leo hazielewani kama zamani, na serikali ya Reykjavík imeahidi kuwauliza wananchi kama warudi kwenye mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya.

Kisiwa kilichokaa njiani

Ili kuelewa kwa nini wakubwa wanaitaka Iceland, tazama ramani. Kisiwa hiki kiko katikati ya bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, kati ya Greenland na Uingereza. Meli na nyambizi za Urusi zikitoka kaskazini kwenda Atlantiki ni lazima zipite upande mmoja au mwingine wa Iceland. Anayekaa Iceland anaona nani anapita.

Uingereza ilijua hilo mapema. Mei 10, 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wake walishuka Reykjavík bila kukaribishwa, wakihofia Ujerumani ingewatangulia. Mwaka uliofuata Marekani ikachukua nafasi hiyo. Iceland ilijitangaza jamhuri Juni 17, 1944, ikijitenga kabisa na Denmark, huku askari wa kigeni wakiwa bado kwenye ardhi yake.

Vita vilipoisha, viongozi wake walikuwa na somo kichwani: ukikaa njiani bila mlinzi, mtu ataingia tu. Mwaka 1949 Iceland ikawa miongoni mwa nchi 12 zilizoanzisha NATO. Uamuzi huo haukupita kimyakimya. Machi 30 mwaka huo, Bunge, linaloitwa Alþingi, lilipopiga kura, nje kulikuwa na vurugu na polisi walitumia mabomu ya machozi. Wengi hawakutaka nchi iliyopata uhuru juzi tu iingie kwenye kambi ya kijeshi.

Miaka miwili baadaye ukasainiwa mkataba wa ulinzi na Marekani, na wanajeshi wa Kimarekani wakaweka kambi Keflavík. Walikaa hapo miaka 55.

Siku nchi isiyo na jeshi ilipoigomea Uingereza

Usidhani lakini kwamba kutokuwa na jeshi kuliifanya Iceland iwe ya kusema ndiyo bwana kwa kila jambo. Waulize Waingereza.

Kisiwa hicho kilitegemea samaki kuliko kitu kingine chochote, hasa yule samaki mwenye nyama nyeupe wa bahari za baridi ambaye Waingereza humkaanga na kumla na chipsi. Meli za uvuvi za Uingereza zilikuwa zikimfuata mpaka karibu na ufuo wa Iceland. Mwaka 1958 Iceland ikatangaza kwamba maili 12 za bahari ni zake peke yake. Mwaka 1972 ikasogeza mpaka hadi maili 50. Mwaka 1975 ikafika maili 200.

Kila mara Uingereza ilikataa na kutuma manowari kuwalinda wavuvi wake. Iceland ilikuwa na vimeli vichache vya walinzi wa pwani. Vilichofanya ni kupita nyuma ya meli za Waingereza vikiburuta chombo chenye makali na kukata nyaya za nyavu zao, zikazama na samaki wake. Meli ziligongana baharini. Februari 1976 Iceland ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ingawa zote mbili zilikuwa wanachama wa NATO.

Silaha yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa Keflavík. Iceland iliweka wazi kwamba NATO ikishindwa kumtuliza Mwingereza, basi uanachama wake na kambi ile vitakuwa mashakani. Marekani na wenzake wakaona ni hasara kupoteza kituo cha kuchunga nyambizi za Kisovieti kwa sababu ya samaki. Juni 1976 Uingereza ilikubali yaishe. Meli zake 24 tu kwa siku ziliruhusiwa kwa miezi sita, kisha basi. Miji ya bandari kama Hull na Grimsby ikapoteza ajira ambazo hazikurudi.

Hapa Afrika Mashariki nayo ina mkono wake. Wakati Iceland inakatana nyavu na Waingereza, Kenya ilikuwa ikipigania jambo hilohilo kwenye kumbi za mikutano. Mwaka 1972, kupitia mwanasheria wake Frank Njenga, Kenya ilipeleka pendekezo kwamba kila nchi ya pwani iwe na ukanda wake wa kiuchumi baharini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliweka ukanda huo kuwa maili 200. Leo maili hizo zinailinda Iceland kama zinavyozilinda Kenya na Tanzania.

Somo ambalo Iceland ilibaki nalo ni hili: mdogo anaweza kumshinda mkubwa, mradi awe na kitu ambacho mkubwa wa mkubwa huyo anakihitaji.

Mguu mmoja ndani ya Ulaya

Kwenye biashara, Iceland ilichagua njia ya katikati. Haijawahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Lakini tangu 1994 imo kwenye Eneo la Kiuchumi la Ulaya pamoja na Norway na, baadaye kidogo, Liechtenstein. Kwa lugha rahisi: bidhaa zake nyingi zinaingia soko la Ulaya bila ushuru, watu wake wanaishi na kufanya kazi popote Ulaya, na Wazungu wengine nao wanaenda kufanya kazi kwake. Tangu 2001 imo pia kwenye mfumo wa Schengen wa kusafiri bila kukaguliwa pasipoti mipakani.

Faida hiyo ina gharama. Sheria za soko hilo zinatungwa Brussels, na Iceland inazipokea na kuzitekeleza bila kuwa na kura pale zinapopitishwa. Ni kama mpangaji anayefuata sheria zote za jengo lakini haitwi kwenye kikao cha wenye nyumba.

Kwa nini wakubali? Sababu kubwa ni ileile: samaki. Mwanachama kamili wa Umoja wa Ulaya anaingia kwenye sera ya pamoja ya uvuvi, ambapo kiasi cha kuvua kinapangwa kwa pamoja. Watu waliokatana nyavu na Uingereza ili bahari iwe yao hawakuona sababu ya kuipeleka mezani Brussels.

2006 na 2008: marafiki walipokosekana

Mpango huu ulitikiswa mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Kwanza Machi 2006. Marekani, ikiwa na vita Iraq na Afghanistan, iliiarifu Iceland kwamba inaondoa ndege zake za kivita na kufunga kambi. Iceland ilitaka angalau ndege zibaki. Haikusikilizwa. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo wanajeshi walikuwa wameondoka. Mkataba wa 1951 ulibaki hai kwenye karatasi, na tangu 2008 ndege za nchi mbalimbali za NATO huenda kwa zamu kulinda anga la kisiwa hicho.

Pili Oktoba 2008. Benki tatu kubwa za Iceland zilianguka ndani ya siku chache. Uingereza, ikiogopa kuhusu fedha za raia wake waliokuwa wameweka akiba kwenye mojawapo ya benki hizo, ilizuia mali zake kwa kutumia sheria iliyotungwa kupambana na ugaidi. Mwanachama wa NATO akamfanyia hivyo mwanachama mwenzake.

Marekani nayo ilikuwa wapi? Septemba mwaka huo benki kuu yake ilifungua milango ya dola kwa benki kuu za Denmark, Norway na Sweden. Iceland iliomba, ikatoka kapa. Ikaenda mpaka Moscow kuulizia mkopo, ambao haukupatikana. Miongoni mwa wa kwanza kunyoosha mkono walikuwa Visiwa vya Faroe, majirani waliokuwa wakati huo na watu wasiofika elfu 50. Baadaye mkopo mkubwa ulitoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, pamoja na nchi za Nordiki.

Ni katika hali hiyo ya kuungua vidole ndipo Iceland iliomba kujiunga na Umoja wa Ulaya, Julai 2009. Mazungumzo yalienda vizuri kuliko wengi walivyodhani, kwa kuwa sheria nyingi ilikuwa nazo tayari. Kati ya sura 35, 27 zilifunguliwa na 11 zikafungwa kwa muda. Sura ya uvuvi haikufunguliwa kabisa.

Kisha uchumi ukaanza kupona, hofu ikapungua, serikali ikabadilika. Mwaka 2013 mazungumzo yalisimamishwa, na Machi 2015 serikali ikaandika barua kwamba Iceland isihesabiwe tena kuwa mwombaji. Wananchi hawakuulizwa, na hilo liliacha kinyongo ambacho hakijaisha.

Sauti kubwa kuliko mwili

Katika miaka yote hiyo, Iceland imekuwa na tabia moja inayoshangaza wakubwa: husema mapema mambo ambayo wengine wanayapima kwanza.

Februari 1991, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado haujasambaratika, Bunge la Iceland lilisimama na Lithuania kuthibitisha uhuru wake, wakati nchi kubwa za Magharibi zilikuwa zinaogopa kumuudhi Gorbachev. Mwaka 2011 iliitambua Palestina kuwa nchi huru, miaka mingi kabla ya Uingereza na Ufaransa. Mwaka 2018 Marekani ilipojitoa kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, Iceland ilichukua kiti hicho, na mwaka uliofuata ikaongoza azimio kuhusu mauaji katika vita vya dawa za kulevya nchini Ufilipino. Na 2023 ilisimamisha kazi za ubalozi wake Moscow kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Wapo wanaosema ni rahisi kuwa jasiri ukiwa mdogo, kwa kuwa hakuna anayehangaika kukulipizia. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Nchi isiyo na jeshi haina kinga nyingine zaidi ya sheria za kimataifa. Kila mkubwa anapozivunja na kuachwa, kinga hiyo inachakaa. Ndiyo maana Iceland hupiga kelele hata kwa mambo yaliyo mbali na pwani yake.

Imejenga urafiki pia kwa ujuzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea, na Kenya ni kati ya nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi. Umeme wa Olkaria kule Naivasha una mchango wa watu waliopita kwenye madarasa hayo. Uganda nayo imekuwa mshirika wake wa maendeleo kwa zaidi ya miaka 20, zikiwemo jamii za wavuvi za Ziwa Victoria.

Kamba inavutwa pande mbili

Turudi kwenye leo. Mwaka 2025 Iceland ilionja mambo kutoka pande zote.

Kutoka Marekani, bidhaa zake zilipandishiwa ushuru hadi asilimia 15. Wakati huohuo, kijeshi, Marekani imekuwa ikirudi. Ndege za kuwinda nyambizi zinaonekana tena Keflavík, na Julai 2025 nyambizi ya Kimarekani inayoendeshwa kwa nyuklia, USS Newport News, iliingia bandari ya Grundartangi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha aina hiyo kutia nanga kwenye bandari ya Iceland. Serikali ilisisitiza sharti lake la siku zote: silaha za nyuklia haziruhusiwi.

Mwezi huohuo Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, alitua Iceland, na pande mbili zikatangaza kuanza mazungumzo ya ushirikiano wa usalama na ulinzi. Mambo yalionekana matamu. Lakini Novemba, Umoja wa Ulaya ulipoweka vizuizi kulinda viwanda vyake vya aloi zinazotumika kutengeneza chuma, haukuzisamehe Iceland na Norway, ingawa zimo kwenye soko lake. Mpangaji akakumbushwa kwamba yeye ni mpangaji.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Marekani inaitaka Iceland kwa mahali ilipo. Ulaya inaitaka kwa jirani mwema na soko. Hakuna upande uliothibitisha kwamba utaweka maslahi ya watu laki nne mbele ya yake wenyewe.

Wananchi wataulizwa nini?

Serikali ya sasa iliingia madarakani Desemba 2024 chini ya Waziri Mkuu Kristrún Frostadóttir. Waziri wa Mambo ya Nje ni Þorgerður Katrín Gunnarsdóttir, ambaye chama chake, Viðreisn, kinaunga mkono Ulaya waziwazi. Makubaliano ya vyama vitatu vya serikali hiyo yaliahidi kura ya maoni kabla ya mwisho wa 2027.

Swali lenyewe sio "tujiunge au tusijiunge." Ni kama mazungumzo yaendelee. Yakifika mwisho, wananchi watapewa tena nafasi ya kuukubali au kuukataa mkataba wenyewe.

Wanaosema ndiyo wana hoja tatu. Kwanza, kura: bora kukaa ndani ya kikao kinachotunga sheria unazozifuata. Pili, sarafu: króna ni ndogo na ikiyumba, mikopo ya nyumba na bei za dukani zinayumba nayo, hivyo euro ingeleta utulivu. Tatu, usalama: mikataba ya Umoja wa Ulaya inawataka wanachama kusaidiana mmoja akivamiwa, na hiyo ni kamba ya pili endapo ya Marekani itakatika.

Wanaosema hapana nao hawaongei hewa. Ulaya haina manowari wala ndege za kutosha kuziba nafasi ya Marekani Atlantiki ya Kaskazini. Kuegemea Brussels kunaweza kuiudhi Washington kwa wakati mbaya. Na samaki je? Mwanachama mpya anaweza kuomba masharti maalumu ya uvuvi, lakini ni lazima wanachama wote wakubali, na baadhi yao wana meli zinazoitamani bahari hiyo.

Kuna pia kundi la tatu, la wanaoona hali ya sasa inatosha: NATO kwa ulinzi, Eneo la Kiuchumi kwa biashara, basi. Wahenga wa Kiswahili wana jibu kwa kundi hilo: mshika mawili, moja humponyoka. Iceland imeyashika mawili kwa miongo mingi bila moja kuponyoka, lakini ni kwa sababu yalikuwa yakielekea upande mmoja.

Cha kuangalia kuanzia sasa

Mambo matatu yataonyesha Iceland inaelekea wapi. La kwanza ni Greenland: Marekani ikilazimisha jambo lolote dhidi ya Denmark, mwanachama mwenzake wa NATO, ahadi ya 1951 itapungua uzito hata kama hakuna aliyeifuta. La pili ni lugha ya Brussels kuhusu uvuvi. Ikilegea kabla ya kura, upande wa ndiyo utapata nguvu. La tatu ni mfuko wa mwananchi wa kawaida: riba, bei na króna. Mwaka 2009 hofu ya uchumi ndiyo iliyoipeleka nchi mlangoni kwa Ulaya, na kupona kwa uchumi ndiko kulikoirudisha nyumbani.

Safari hii hofu ni ya usalama, na hofu ya usalama haiponi kwa haraka kama uchumi. Iceland iliwahi kumshinda Mwingereza kwa sababu Marekani ilimhitaji kila mmoja wao akae kwenye kambi yake. Ikigombana na Marekani yenyewe, itamshitakia nani? Hilo ndilo swali litakaloingia na kila mpiga kura kwenye chumba cha kura, hata kama halitaandikwa kwenye karatasi.